Kamba Ashike Filemon

Jumanne asubuhi Anaeli alipiga filimbi mara mbili, akasubiri. Akapiga tena, ile ndefu ya kumaliza pumzi. Ukungu umekaa kwenye migomba, majani yanadondosha matone, na hakuna mtu. Jana yake walikuwepo wanaume arobaini na majembe yao. Leo hata mmoja.

Habari hii nimeipata kwa bibi yangu Aika, na bibi alikuwepo, ingawa wakati huo alikuwa na umri wa siku moja. Aliyosimuliwa na mama yake amenisimulia na mimi mara nyingi mno, yaani sasa naona kama nilikuwa nimejificha pale kwenye migomba nikichungulia. Ilikuwa Masama, mwaka wa arobaini na nane, Mwingereza bado yuko bomani Moshi.

Mfongo ni mfereji. Wazee waliuchimba zamani kwa majembe ya mti, ukatoka kwenye mto kule msituni, ukazunguka ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji. Mfongo ukikauka, kahawa inanyauka, ulezi unakufa, ng'ombe wa ndani anakosa cha kunywa, na akina mama wanashuka korongoni na madebe kichwani. Sasa masika ya mwaka ule mvua ilibomoa mfongo pale Mwambani, mahali ambapo mfereji unapita kwenye jabali tupu na chini yake ni korongo. Ukingo wa hatua kumi na mbili ukaenda wote. Maji yakawa yanaangukia korongoni, yanateremka zake mpaka kwenye shamba la mzungu mmoja kule chini, na yule mzungu hakulalamika hata kidogo.

Alifanya zaidi. Aliandika barua Moshi, kwamba mfongo ule umeshaachwa na wenyewe, maji yale apewe yeye kwa karatasi. Ikaja taarifa kwa Mangi, mtawala wetu: Bwana Maji, afisa wa serikali, atakuja Ijumaa, atasimama kwenye daraja la barabara. Ikifika saa sita mchana anaona maji yanapita, mfongo ni wa wenyewe. Akikuta pakavu, wamepoteza maji, wao na watoto wao.

Ndiyo maana Anaeli alikuwa anapiga filimbi kama mtu anayezama. Jumanne ile zimebaki siku tatu, na yeye ndiye mkuu wa mfongo.

Cheo hicho kilikuwa cha baba yake, mzee Kornel, aliyekufa baada ya Krismasi. Mzee alikuwa anaita watu kwa pembe ya tandala, na watu wanatoka wanatembea polepole wakipiga soga. Anaeli mwenyewe alikuwa mnyapara kwenye shamba la katani huko chini ya Moshi, miaka tisa. Aliporudi kurithi kazi ya baba akaitundika ile pembe juu ya mlango, akaja na filimbi ya chuma. "Kule katani mtu akisikia hii anakimbia," aliwaambia. Na kweli, wiki za mwanzo watu walikimbia. Mtu mbaya hakuwa. Kazi alijua kuipanga, huyu achonge magogo, huyu abebe, huyu achimbe, na mchana hajawahi kula kabla ya wengine. Ila yeye alisimama juu na filimbi, wengine wakawa chini na jembe. Ndivyo alivyofundishwa.

Alipoona hakuna mtu akaenda kwa Rogath, jirani yake na mchapakazi kuliko wote. Akamkuta anamkatia ng'ombe mgomba.

"Rogath, hujasikia filimbi?"

"Nimesikia. Hata ng'ombe amesikia."

"Mbona hujaja?"

"Tumbo."

"Tumbo limefanyaje?"

Rogath akaweka panga chini. "Lina mbuzi wa mzazi."

Anaeli hakuelewa. Rogath akamtazama kwa muda, akaona kweli hajaelewa, ndipo akamweleza. Na kadiri alivyoeleza, Anaeli alitafuta kitu cha kuegemea, akaegemea ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Jumatatu, Filemon hakuja kazini. Desturi ya mfongo ni kwamba asiyekuja msaragambo, kazi ya wote, bila sababu, anatozwa mbuzi, na mbuzi huyo analiwa palepale na waliokuja. Anaeli akachukua watu wawili, akaenda kwa Filemon, akapiga filimbi uani. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mbuzi amefungwa barazani, mnono, manyoya yanang'aa. Akaikata kamba, akaondoka naye. Saa saba mchana watu arobaini walikuwa wanalamba vidole.

Kumbe alfajiri ile mke wa Filemon, Elizabeth, alikuwa amejifungua. Filemon aliondoka kungali giza kwenda Kibosho kuwapa wakwe habari, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa, bila kupitia kwa mtu. Na yule mbuzi alikuwa analishwa ndani miezi sita kwa ajili ya kitanda cha uzazi: supu, mtori, mafuta ya kumpa mama nguvu wakati amefungiwa ndani na mtoto. Kwa Wachagga mbuzi yule hata mwizi anamruka. Mama aliyejifungua haibiwi.

Na si mtu yeyote aliyeibiwa. Jumamosi, alipotakiwa mtu wa kuning'inia kwa kamba Mwambani atoboe jiwe, aliyejitokeza alikuwa Filemon. Alitoboa tundu la kwanza, mikono ikavuja damu. Jumatatu wenzake wakamla mbuzi wa mke wake.

"Watu wote wameshajua?" Anaeli akauliza.

"Filemon alirudi jana jioni, akauliza mbuzi yuko wapi. Sasa tungemwambiaje?" Rogath akalichukua panga lake. "Mimi nimetapika, mbe. Sikutapika kwa kuumwa. Nimejitapisha."

Nyumbani nako hakukuwa na pa kukimbilia. Veronika, mke wake, alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa jikoni, hata moto hajawasha.

"Ini ulilitoa wapi?" akamuuliza.

 Ini la mbuzi wa faini ni la mkuu wa mfongo, na Anaeli alikuwa amelifunga kwenye jani la mgomba, akamletea mkewe.

"Ukanipa mimi," Veronika akasema. "Nikala nikakushukuru. Elizabeth ni rafiki yangu wa kwaya. Nitaimba naye vipi?"

"Nitakwenda kwa Mangi, anipe matarishi wawatoe watu majumbani."

"Nenda. Halafu pale Mwambani utamning'iniza nani kwa nguvu? Na kamba atashika nani? Mtu aliyeburutwa na tarishi?"

Jumanne ikaisha hivyo.

Jumatano Anaeli aliamka na shauri. Akakata jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani, akalifunga fundo. Isale ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukataa. Hata kama ulimwagia damu nyumba yake, akipokea ameshasamehe. Akachukua na mbuzi wake mwenyewe, yule waliyekuwa wanamnenepesha kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wao. Mpaka hapo sawa. Kosa likaja hapa: akampa Veronika apeleke.

"Wewe huna miguu?" Veronika akasema.

"Nikienda mimi atakasirika."

Veronika alikwenda. Alirudi na mbuzi.

"Isale amepokea," akasema. "Ameliweka juu ya mlango. Amesema nikwambie amesamehe, hana neno."

"Na mbuzi?"

"Amesema mwenye mbuzi si yeye."

"Kesho atakuja kazini?"

"Nimemuuliza. Kaniambia, hilo jani halijui kuchimba."

Anaeli akatoka, akapanda mpaka Mwambani peke yake. Pale akamkuta Seleman. Seleman alikuwa fundi chuma wa Moshi mjini, mtu wa kanzu fupi na utani mrefu, aliyeitwa kufua vyuma vinane vya kupigilia kwenye jabali ili vibebe magogo yatakayopitisha maji. Lori lilimshusha Bomang'ombe Jumapili, akapanda kwa miguu na vyuma vyake kwenye gunia. Tangu jana amekaa juu ya gunia hilohilo.

"Mnyapara," akasema, "naona jeshi lako limekimbia."

"Usinitanie leo, Seleman."

"Sikutanii. Naangalia tu vyuma vyangu vinavyoota kutu. Mimi kwenye jabali hili sining'inii, nina watoto sita na shingo moja."

Anaeli akakaa chini. Mbele yao lile pengo, jabali limekwanguka jeupe, na pazia la maji linaangukia korongoni kwa kelele. Maji yao wenyewe. Akauliza, kama mtu anayejisemea, "Kule katani nilikuwa na watu mia. Nilipiga filimbi wakaja. Hapa kuna nini?"

"Kule wangekwenda wapi?" Seleman akasema. Akatafuna kijiti chake kwanza. "Mimi nimefanya kazi chini ya wanyapara saba. Sita niliwaogopa. Wakigeuka kwenda chooni, nakaa chini. Huyo mmoja nilimfanyia kazi hata siku akiwa hayupo."

"Alikuwa anawapa nini?"

"Hakuna. Chuma kikitoka motoni, yeye ndiye alishika koleo. Sisi tulipiga nyundo. Unaelewa? Nyundo ikiteleza inampata yeye, siyo sisi. Basi mtu unapiga kwa akili zako zote."

 Anaeli akatazama mikono yake. Miaka tisa hakushika kitu kizito kuliko ile filimbi.

Alhamisi, jua halijapanda vizuri, akafika kwa Filemon. Peke yake, mbuzi mkononi, kamba ya katani begani. Njiani alipita nyumba nyingi na hakumwita mtu, lakini kijiji ni kijiji. Alipofika uani, migomba yote ilikuwa na macho. Siku hizi mtu angetuma kwenye grupu "njooni muone", wao hawakuhitaji.

Filemon alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na mlango, analinoa jembe. Akamwona, akaendelea kunoa.

Anaeli hakumsalimia yeye. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, kwa sababu ndani kuna mzazi na mwanamume wa nje haingii, akasema:

"Hodi."

Kimya. Jembe linasikika linanolewa.

"Hodi hapa."

Kimya. Mtu mmoja akakohoa migombani.

"Hodi, mae," akasema, kama mtu anavyomwita mama kwa heshima.

Ndipo sauti ya Elizabeth ikatoka ndani, ndogo lakini imenyooka. "Nani?"

"Anaeli. Anaeli wa mzee Kornel."

"Yupi huyo? Mimi namjua Anaeli mmoja, ana filimbi. Hodi haijui."

"Ndiye huyohuyo."

"Jumatatu ulisimama hapo ulipo sasa," Elizabeth akasema. "Mtoto alikuwa na saa tano tangu azaliwe. Nimelala, hata kiti siwezi kusogeza. Nikasikia filimbi. Nikasema, atapiga hodi sasa, nitamjibu. Ikalia tena. Nikasema, sasa hivi atapiga hodi. Nikasikia mbuzi analia barazani. Halafu nikamsikia analia mbali."

Jembe lilikuwa limenyamaza.

"Sikujua kuna mzazi ndani," Anaeli akasema.

"Ungejuaje, na hukuuliza. Unajua mama mkwe wangu alikuwa wapi saa hiyo?"

"Sijui, mae."

"Korongoni na debe, anatafuta maji ya kumwogesha mjukuu. Kwa hiyo usifikiri humu ndani hatutaki mfongo. Mimi nautaka kuliko wewe."

"Nimeleta mbuzi mwingine."

"Nimemsikia. Amenona?"

"Amenona. Alikuwa wa kipaimara."

"Mfunge alipokuwa yule."

Akamfunga. Akaona fundo lile la zamani bado liko kwenye nguzo, kamba aliyoikata yeye. Akasema asante.

"Sijamaliza," Elizabeth akasema. "Jumamosi mimi nina mimba ya mtoto huyu, mume wangu ananing'inia Mwambani kwenye kamba. Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu."

"Unafanya nini?"

"Napiga filimbi."

"Basi leo ning'inia wewe. Kamba ashike Filemon."

Hakuna aliyecheka.  Kila mtu alijua Mwambani palivyo: juu ya pengo ukingo ni mwembamba, anaenea mtu mmoja tu wa kushika kamba, kaizungushia mgongoni, miguu kaikaza kwenye jiwe. Mti wa kufungia hakuna. Maisha ya aliyeko chini yamo kwenye viganja vya yule mmoja. Na yule mmoja mbuzi wa mke wake ameliwa.

Anaeli akamtazama Filemon. Filemon akamtazama. Sura yake haikusema kitu chochote, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Sawa," Anaeli akasema.

"Na hiyo filimbi iache hapo," sauti ikasema. "Inaamsha mtoto."

Saa tatu asubuhi walikuwa Mwambani: Anaeli, Filemon, Rogath, na watu kama sita waliokuja, wakasema wamekuja kuangalia tu. Seleman akamfunga Anaeli kamba kiunoni na mapajani, akaivuta kujaribu.

"Chuma weka kwenye tundu, usiangalie chini," akamwambia. "Na usimwangalie wa juu pia."

Akashuka. Hatua ya kwanza jiwe, ya pili jiwe, ya tatu hewa. Kamba ikalia kwenye ukingo. Akajizungusha akagonga jabali kwa bega, akatulia. Kule chini maji yananguruma. Akachukua patasi, akaanza kugonga. Mapigo ishirini na lengelenge la kwanza likapasuka. Mapigo hamsini hajatoboa hata unene wa kidole. Sasa ndiyo akajua Jumamosi ile Filemon alifanya nini, wakati yeye anapuliza huko juu na kusema fanya haraka.

Hakuna mtu aliyemwambia afanye haraka. Kila baada ya muda Filemon anauliza neno moja tu: "Uko?" Naye anajibu: "Niko." Basi.

Tundu la pili likapata chuma chake. La tatu. Kufika la nne, Anaeli alisikia sauti nyingi juu. Watu walikuwa wanaongezeka. Hakuna filimbi, hakuna pembe. Wameambiana tu kwamba mkuu wa mfongo yuko kwenye kamba na aliyeishika ni Filemon, na huwezi kubaki nyumbani na habari kama hiyo. Waliokuja kutazama wakaona aibu kusimama mikono mitupu. Wengine wakaanza kusogeza magogo. Wengine wakarudi kuchimba udongo wa kuziba.

Lilikuwa tundu la tano. Anaeli amenyoosha mkono, nyundo iko juu, akasikia kitu kama kitambaa kinachanwa. Ukingo wa juu ulikuwa umelainika kwa mvua. Bonge la udongo kama kitanda likakatika, likapita mgongoni mwake na matope na mizizi, na watu wote waliokuwa karibu wakaruka nyuma. Wote. Ukingo aliosimama Filemon uliondoka chini ya mguu wake wa kushoto. Kamba ikaachia.

Anaeli alianguka. Bibi anasema urefu wa mkono, Rogath alikuwa anasema urefu wa mtu. Kamba ikakaza ghafla, ikamkata pumzi, akajikuta anazunguka hewani kichwa kimeelekea korongoni, tope limejaa mdomoni. Hakusikia kitu. Aliona tu maji yanaanguka, meupe, karibu kiasi cha kuyagusa.

Akasubiri kuanguka tena. Unajua ile ya kusubiri kitu ambacho ukikisubiri huwezi kufanya kingine. Akili yake yote ilikuwa kwenye viganja vya mtu asiyemwona.

"Uko?" sauti ikasema. Ilitoka kwa shida, kama mtu anayeongea ameuma kitu.

"Niko."

"Nyundo?"

"Imeenda."

Kimya kikapita. Kirefu. Kule juu mguu mmoja wa Filemon ulikuwa hewani, wa pili umejikaza kwenye ufa, na kamba ya katani imeingia kwenye nyama ya viganja vyake. Rogath alikuwa ameshatambaa kwa tumbo, amemshika mkanda, lakini kamba hawezi kuifikia.

"Mteremshieni nyundo nyingine," Filemon akasema.

Hapo kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na bibi anasema wote walielewa kwa pamoja kwamba hawa wawili hawaachi. Seleman akafunga nyundo yake mwenyewe kwenye kamba nyembamba, akaiteremsha. Anaeli akaidaka mara ya tatu. Akamaliza la tano.

Walipomvuta juu, Rogath alikuwa ameshavua shati.

"Mimi nafuata," akasema. "Mbuzi nilikula mimi pia."

"Na mimi nafuata Rogath," akasema mwingine. "Mimi nilikula paja."

"Wewe ulikula paja na supu," akasema mwingine. "Shuka mara mbili."

Ndipo watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kicheko cha woga woga. Jua lilipokuwa linazama, vyuma vinane vilikuwa kwenye jabali na magogo yaliyochongwa matumbo yamelala juu yake, yamezibwa udongo na nyasi.

Kesho yake alfajiri wakayaelekeza maji kwenye magogo. Na hapa ndipo watu wasiojua mfongo wanadhani kazi imekwisha. Mfereji uliokauka miezi mitatu unakunywa. Maji yanatembea polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea, yanaingia kwenye kila ufa na kila shimo la panya. Walitembea nayo. Wanaume wanaziba kwa matope, akina mama wako mbele na mifagio wanaondoa majani, Veronika mbele ya wote, sketi ameikunja magotini. Saa tatu maji yako kanisani. Saa nne na nusu yako kwenye kihamba cha Filemon. Elizabeth akayasikia akiwa kitandani, akamshika mama mkwe mkono. Saa tano kengele ya shule ikalia, na gari la Bwana Maji likaonekana kwenye daraja.

Akashuka mzungu mrefu na karani wake. Akatazama mfereji. Mkavu. Akatazama saa. Karani akawauliza wazee waliosimama pale kama huo ndio mfongo wenyewe. Wakasema ndio huo. Mzungu akasema kitu, karani akafungua daftari, akatoa kalamu.

"Bado haijafika saa sita," mzee mmoja akasema.

Karani akatafsiri. Mzungu akatazama saa tena, akaegemea gari.

Walikuja wametangulia akina mama na mifagio, vumbi linatimka. Nyuma yao povu la kahawia, majani, vijiti, na chura mmoja anayerukaruka mbele kama yeye ndiye anayeongoza. Nyuma ya povu, maji. Yakapita chini ya daraja bila kelele. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba. Karani aliandika, ndiyo maana inajulikana. Bwana Maji alichovya fimbo yake, akaangalia imelowa wapi, akasema neno moja kwa karani, wakapanda gari.

"Kasema nini?" watu wakamuuliza karani.

"Kasema unapita," karani akajibu kupitia dirishani.

Jumamosi jioni Anaeli alikwenda kwa Filemon. Akapiga hodi, akakaribishwa uani. Wakakaa wote wawili kwenye kigogo, mmoja kiuno kimefungwa kitambaa, mwingine viganja vimepakwa mafuta ya mbuzi wa kipaimara. Kila mtu alikuwa amepangiwa zamu ya maji kabla ya Anaeli, aliyejiweka wa mwisho. Zamu yake ilikuwa Jumanne, na miche yake mingi ya kahawa ilikufa kabla ya siku hiyo. Veronika aliwaletea mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, wakanywa kwa kupokezana.

Filemon akasema, "Nilitaka kuachia."

Anaeli akashika kibuyu. "Lini?"

"Mara mbili. Ya kwanza ulipoanza tu kushuka."

"Na ya pili?"

"Uliposema nyundo imeenda," Filemon akasema. "Ile nyundo ilikuwa yangu."

Ndani, nyuma ya mlango, Elizabeth akacheka mpaka akashika mbavu. Mtoto akaamka, akaanza kulia, na bibi anasisitiza mpaka leo kwamba hiyo anaikumbuka.